Kipimo Nilichokikimbia

Kiprono,

Barua hii nitaitumbukiza ndani ya kiatu chako cha safari, kile cha kulia, kwa sababu nakujua. Ukiwekewa kitu mezani unasema utakiona baadaye. Kiatu huwezi kukivaa baadaye, gari likiwa limeshafika uani.

Sitakuambia habari za blanketi, wala za kuchemsha maji ya kunywa huko Fort Portal, wala za kutokopesha Waganda usiowajua. Mama yako amekuimbia yote hayo tangu Jumapili. Sasa hivi namsikia chumba cha pili akisukumiza mkebe wa majani chai ndani ya sanduku lako. Wewe unakwenda kufufua kiwanda kizima cha chai, na yeye anakufungia majani chai! Mwache tu. Kila mtu ana namna yake ya kuogopa, na yangu ndiyo hii unayoisoma.

Utashangaa kwamba nimekuandikia kwa Kiswahili. Nilianza kwa Kikipsigis, nikaandika mistari miwili, nikaichana. Maneno ninayoyataka, kwetu yalisemwa ndani ya menjo, kile kibanda tulichofichwa wakati wa jando, na ukishatoka humo baba hamtamkii mwanawe. Kiswahili hakinijui sana. Kwa Kiswahili naweza kuandika neno uume na uso usiniwake moto. Umeona? Nimeliandika na paa bado liko juu.

Jana jioni kwenye zizi nilikuuliza kama umekwenda kupimwa. Ukaendelea kukamua. Nikauliza tena, ukasema, "Baba, mimi niko sawa. Sisikii chochote. Nitapima nikirudi." Mkataba wako ni wa miaka mitatu, Kiprono. Umeshapita arobaini, na daktari aliyenipasua alikuambia kwa mdomo wake mwenyewe, mimi nikiwa nimelala pale na mipira imenitoka kila upande, kwamba mwana wa mtu kama mimi asingoje kusikia maumivu. Ulitikisa kichwa vizuri sana, ukamwambia "ndiyo daktari". Hiyo ndiyo siku ya mwisho uliyosema ndiyo.

Tangu jana narudisha sahani jikoni ikiwa bado imejaa. Mama yako anafikiri nasikitika kwa sababu unaondoka, na mimi nimemwacha afikiri hivyo.

Basi nikueleze jinsi nilivyokikimbia hicho kipimo, maana wewe unajua mwisho wa habari tu. Hukujua mwanzo, kwa kuwa nilikuwa naona haya, na mwanzo wenyewe unamhusu mtu mwingine ambaye hayuko tena.

Nilianza kwa kuamka usiku. Mara moja, halafu mara kwa mara. Nasimama nyuma ya nyumba kwenye baridi ile ya Julai, nangoja mkojo kama mtu anayengoja lori la majani siku ya mvua. Unakuja kidogo, unakatika. Narudi kitandani, sijafunika miguu, unaniita tena. Nilimlaumu mama yako kwamba anaweka chai nyingi usiku. Maskini, akaacha kunipa chai, na mimi nikaendelea kuamka, nikawa naamka na kiu juu yake.

Wazee wenzangu wakaona. Tukiwa kwenye kituo cha majani chai tukisubiri kupimiwa mizigo yetu, mtu akikawia nyuma ya ua, wenzake wanaanza: "Mzee, bomba limeziba? Tukuitie fundi?" Tunacheka mpaka machozi. Kiprono, nakwambia kwa kweli, nusu ya wazee waliokuwa wakicheka pale walikuwa wanakawia nyuma ya ua kama mimi. Tulijua. Lakini sisi ni watu tuliosimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na mtu wa namna hiyo ataanzaje kusema anashindwa kukojoa?

Mama yako ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Ukifa kwa aibu, mimi sitavaa nguo nyeusi, nitavaa ile ya maua." Unamjua. Nikavaa koti la kanisani, nikashuka mpaka kituo cha afya kile cha kando ya barabara.

Naingia ndani, nani yuko kwenye kiti cha daktari? Chepkoech, binti wa arap Mutai!

Sasa hapo ninyi vijana hamuelewi vizuri, kwa hiyo nisikilize. Mimi na arap Mutai tulikaa menjo moja. Kisu kilichonikata mimi kilimkata yeye. Mtoto wake ni mtoto wangu, siyo kwa adabu tu, ni mtoto wangu kabisa. Ningemuoa, ningekuwa nimeoa damu yangu, na watu wangenifukuza na fimbo. Nilimbeba huyo msichana mgongoni tukivuka mto, akiwa na kamasi. Na sasa amevaa koti jeupe, ananisalimu, "Chamgei, baba," macho chini, ananiuliza habari za mkojo wangu.

Aliuliza kwa heshima, siwezi kumsingizia. Nikajibu nikiangalia dirisha. Halafu akasema, "Baba, kuna kipimo. Daktari anavaa glavu, anaingiza kidole kwa nyuma, anagusa tezi kama imevimba au imekuwa ngumu. Ni kitambo kidogo tu."

Nilimwambia, "Mtoto wangu, mimi nitakwenda kununua tumbaku, nitarudi." Na unajua mimi sijavuta tumbaku maisha yangu yote.

Alinifuata mpaka langoni akikimbia, na kile kipimio cha mapigo kikimrukaruka shingoni. "Baba, najua ni vigumu. Jumatano anakuja daktari mwanaume kutoka Kericho mjini. Njoo Jumatano, mimi sitakuwepo hata chumbani." Nikamwambia sawa. Jumatano nilikuwa Londiani nikitafuta mbegu za viazi ambazo sikuzihitaji.

Hiyo siyo aibu kubwa. Kubwa inakuja.

Jioni ile ile niliyokimbia, nilikwenda moja kwa moja kwa arap Mutai kumshtaki binti yake. Fikiria! Nilimkuta ameketi nje na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda. Nikamwambia, "Hawa watoto tuliowasomesha wanataka kutuvua suruali." Nilitaka akasirike, na alikasirika kidogo. Alisema atazungumza na mama yake Chepkoech. Tukanywa. Halafu akazungusha kibuyu mikononi, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe angalau ni maji yanayokawia. Mimi ni damu."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu wakati wa kupalilia mahindi. Nikamuuliza kama mgongo unamuuma. Akasema unamuuma, lakini nani hapa asiyeumwa mgongo, na wote tumebeba vikapu vya majani tangu utotoni? Kisha akaniambia kwa jina la menjo yetu nisimwambie mtu. Zaidi ya wote, nisimwambie binti yake. "Baba atamwambiaje binti yake jambo kama hilo?" Na mimi nikaapa. Niliapa upesi, mwanangu, kwa sababu siri yake ilinifaa. Kama arap Mutai, dume kama lile, anaweza kukaa na damu na asiende, mimi na maji yangu nina haraka ya nini?

Ndivyo tulivyotunzana, wazee wawili wajinga. Kila tukikutana kanisani ananiuliza kwa macho, namjibu kwa macho, tunaimba.

Lakini nilipolala nilikuwa namkumbuka babu yako. Wewe ulikuwa mdogo alipokufa. Alikufa akiguna kwa mgongo, hawezi kugeuka, hawezi kukojoa, na sisi tukasema amelaaniwa na watu fulani wa Bomet aliowadhulumu ng'ombe. Tulikwenda mpaka huko Bomet na kondoo kuomba msamaha. Wale watu walishangaa, wakala kondoo wetu, wakatusamehe kosa wasilolikumbuka. Babu yako akafa vilevile. Siku hizi nikiwaza, naona ng'ombe hawakuwa na hatia yoyote.

Arap Mutai alianguka kwenye kituo cha majani. Aliinama kuinua kikapu, miguu ikakataa. Tulidhani ameteleza. Tukamwinua, akawa mzito, miguu inaburuzika tu. Hospitalini walimpiga picha, wakasema saratani imeshaingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo, kwamba ilianza zamani kwenye tezi, na sasa kazi ni kumtuliza maumivu.

Nilikwenda kumwona. Chepkoech alikuwa kwenye korido, ameegemea ukuta, bado na koti lake jeupe. Hakunisalimu kwanza. Aliniuliza, "Baba, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini alinitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe, nikasema ndiyo, nilijua.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Mimi napima baba za watu kila siku," kisha akaenda zake mwisho wa korido, akasimama na mgongo wake kwangu. Mimi nilisimama na kofia mkononi kama mwizi. Kiprono, nimetahiriwa, nimezika wazazi, nimeona lori la majani likipinduka na watu juu yake. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale korido, na hofu yenyewe haikuwa ya ugonjwa.

Yeye ndiye aliyenirudia. Alijifuta uso na mkono wa koti, akasema, "Daktari mwanaume yuko ndani leo. Baba, twende." Hakuniuliza kama nataka. Nilimfuata.

Daktari yule alikuwa mtu wa pwani, mfupi, mchangamfu, hajui menjo wala hajui arap nani. Akaniambia nilale ubavu, nikunje magoti. Unataka kujua inakuwaje? Nikuambie, kwa sababu najua hilo ndilo linalokuzuia. Ni baridi, na inasukuma, na unataka kwenda choo, halafu imekwisha. Nilikuwa bado natafuta mahali pa kuelekeza macho, akasema, "Mzee, vaa." Vaa! Mwaka mzima nimekimbia, mpaka Londiani nimekimbilia, kwa kitu ambacho hakimalizi hata wimbo mmoja wa kanisani.

Akasema kuna mahali amegusa pagumu. Wakatoa damu, ikapelekwa Nairobi. Baadaye wakatoa vipande vya tezi kwa sindano, na hiyo sindano iliuma, sitakudanganya. Majibu yakaja: saratani ya tezi dume.

Sasa sikiliza hili, maana hapa ndipo nataka usome pole pole. Nilimuuliza daktari kama ndiyo iliyokuwa inaniamsha usiku. Akasema hapana. Kule kuamka kulikuwa uvimbe wa kawaida tu wa wazee, usioua mtu. Saratani yenyewe ilikuwa pembeni, ndogo, imekaa kimya, haijatoka nje ya ganda la tezi. Haikuwa inaniuma hata kidogo. Kama si ule uvimbe mwingine kunisumbua, ningekuwa nakaa hapa nikisema, "Mimi niko sawa, sisikii chochote," mpaka siku miguu ingekataa.

Kwa hiyo unaponiambia husikii chochote, nafsi yangu inaruka. Inapokuwepo na bado inatibika, mtu hasikii kitu. Na inapokuwa haipo, pia hasikii kitu. Wewe uko wapi kati ya hizo mbili? Hujui. Mimi sijui. Mama yako anayefunga mkebe hajui. Labda huna chochote, na Mungu akijalia huna chochote, tutacheka. Nataka tucheke tukiwa tunajua.

Ya upasuaji unayakumbuka. Ile harambee pia unaikumbuka. Ulisimama mbele ya watu wote pale uani, wakwe zako wakiwepo na wenzangu wa rika wamejaa viti vya mbele, ukasema, "Baba anaumwa figo." Niliinama nikashukuru Mungu kwa ajili ya uongo wako. Mpaka leo watu wa Kapsoit wananiuliza, "Mzee, figo inaendeleaje?" nami najibu kwamba figo ni nzima. Ni kweli, figo ni nzima, haijawahi kuumwa! Sikulaumu. Ungesema neno lenyewe ningekukasirikia. Lakini viti vile vya mbele vilikuwa na wanaume wanaokawia nyuma ya ua, wakatoa pesa zao, wakaenda nyumbani kuogopa figo. Wawili kati yao tumeshawazika. Sijui walikufa na nini. Familia zilisema mgongo.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize, nisikufiche gharama. Baada ya kupasuliwa nilivuja mkojo kwa miezi. Nilivaa vitambaa kama mtoto, na mama yako alivifua na kuvianika nyuma, mbali na macho ya watu. Na yale mambo ya chumbani hayakurudi kama zamani. Nililia kwa ajili ya hilo, nikiwa peke yangu kwenye majani chai, nikijifanya nachuma. Mwishowe nikamwambia mama yako kwamba amebaki na nusu mwanaume. Alinitazama kama mtu aliyesikia upuuzi sokoni. Akasema, "Wewe mzee, ulidhani niliolewa nawe kwa hilo tu? Nani angenisumbua kuhusu chai?" Akacheka, nami nikacheka, na tangu siku ile sikulia tena kwa sababu hiyo. Naishi. Nimewaona watoto wako wakianza shule. Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimebaki kuwa shahidi, kwa maana tulikuwa wawili tuliofichana, akafa mmoja.

Sasa ya kesho.

Daktari mwanaume wa Jumatano hayupo, amehamishwa, na mwingine hajaletwa. Kwenye kituo yuko Chepkoech peke yake. Najua unachofikiri. Yeye ni binti wa rika la baba yako, kwa hiyo ni dada yako. Ndiyo maana mara mbili mke wako alipokuletea salamu zake ulipita njia ya chini ya msitu usikutane naye. Usikatae, nimekuona, na hiyo njia naijua vizuri.

Mwezi uliopita nilikuwa na kipimo changu cha kila mwaka. Nilimkuta peke yake. Akaniambia, "Baba, naweza kukuandikia uende Nakuru, huko kuna mwanaume." Nilikaa pale kitandani nikiwaza arap Mutai, na mto tuliovuka na huyu mtoto mgongoni. Kisha nikavua koti. Nikalala ubavu, nikageukia ukuta, nikamwambia, "Endelea, mtoto wangu." Akasema, "Asante, baba." Hilo tu. Nilipotoka nje, Kiprono, hakuna radi iliyonipiga. Nilipita hotelini nikala mandazi.

Wazee wakiuliza nani amelegeza mwiko huo, waambie ni mimi. Waje waniulize mimi. Nitawajibu kwa Kikipsigis, na safari hii neno lenyewe nitalitamka.

Kesho kituo hakifunguliwi mapema, lakini nimemwomba, na amekubali kuwepo kuanzia saa moja asubuhi kwa ajili yako. Kazi yake ni kukugusa kitambo kidogo na kutoa damu. Damu ataipeleka mwenyewe, na majibu yatakufuata huko kiwandani. Gari la kampuni linakuja kukuchukua saa mbili, na barabara ya Kisumu inapita pale pale mbele ya kituo. Nimezungumza na dereva. Nimemwambia kuna mzigo unaotakiwa kuchukuliwa pale, na kwamba itachukua muda mfupi. Sikumwambia mzigo ni nini.

Ukiamka hutanikuta nyumbani. Usimuulize mama yako, atakuambia nimekwenda kupeleka maziwa, ndivyo nilivyomdanganya. Nitakuwa nimeketi kwenye benchi nje ya kituo. Nitakaa nimeangalia barabara, siwezi kuangalia mahali pengine.

Siwezi kukuburuza, umekuwa mkubwa kuliko mimi. Shuka, mwanangu, tafadhali. Lakini kama umeamua kupita, basi pita, nitakuombea vilevile. Ila mwambie dereva asipige honi kunisalimu, maana nitasimama nikidhani unashuka.

Baba yako